Geji inasema paskali 35, hesabu inasema 0.4: niandike ipi?

"Kiwandani kwetu tumetengeneza kemikali mpya ya jamii ya esta tunayotaka itumike kusafishia vyuma badala ya kiyeyushi cha zamani. Ni kimiminika, inachemka kwenye nyuzi 285 hivi za Selsiasi, uzito wake wa moli ni gramu 250, na kromatografia, kipimo kinachotenganisha viungo vya mchanganyiko, inaonyesha usafi wa asilimia 99.2. Hatua ya mwisho tunaiosha kwa tolueni, kiyeyushi chepesi, kisha tolueni tunaiondoa kwa pampu. Sasa naandaa karatasi ya usalama na nimekwama kwenye shinikizo la mvuke. Programu ya kukadiria imenipa paskali 0.4 kwa nyuzi 25. Karatasi ya dutu inayofanana sana na yetu inasema 'chini ya mmHg 0.1'. Nikaamua kupima mwenyewe: nikatia mililita 50 kwenye chupa ya kioo, nikanyonya hewa kwa pampu, nikafunga vali, nikasoma geji. Ikatulia kwenye paskali 35. Geji ni ya kilopaskali 0 hadi 100, usahihi asilimia 0.1 ya upeo wake. Niandike namba ipi? Na kwa kuwa zote ni ndogo, naweza kuandika kwamba haitoi mvuke na haihitaji tahadhari ya kupumua? Itatumika kwenye beseni lililopashwa hadi nyuzi 80."

Namba mbili kati ya hizo tatu hazina ugomvi wowote. mmHg 1 (milimita moja ya zebaki) ni sawa na paskali 133, kwa hiyo "chini ya mmHg 0.1" maana yake ni chini ya paskali 13. Hilo ni dari tu. Mara nyingi aliyeandika hivyo alikuwa na kifaa kisichoona chochote chini ya hapo, akafanya uungwana wa kusema macho yake yalipoishia. Paskali 0.4 inakaa vizuri chini ya dari hiyo, na hata 0.004 ingekaa. Ugomvi uliobaki ni wa 0.4 na 35, tofauti ya karibu mara 90.

Nikupe jibu mapema ili usisome roho ikiwa juu. Kwa dutu yenyewe, andika 0.4 na useme wazi kuwa ni makadirio, mpaka upate kipimo cha maana. Lakini ile 35 usiitupe. Nina hakika karibu yote kwamba si shinikizo la mvuke la esta yako. Hata hivyo huenda inakuambia kitu kuhusu bidhaa yako ambacho wafanyakazi wa lile beseni wana haki ya kukijua. Na wazo la kuandika "haitoi mvuke" liache kabisa.

Tuanzie kwenye msingi. Ukiweka kimiminika kwenye chombo kilichofungwa, kisicho na hewa wala kitu kingine, molekuli za usoni zenye nguvu ya kutosha huchomoka na kuwa mvuke. Zikiwa juu hugonga kuta za chombo, na baadhi hurudi kuzama kwenye kimiminika. Baada ya muda zinazotoka zinakuwa sawa na zinazorudi, na shinikizo la mvuke ni lile shinikizo linalopatikana wakati huo wa msawazo. Ndiyo maana halitegemei ukubwa wa chupa yako wala kama umetia mililita 50 au 5, ilimradi kimiminika kimebaki. Linategemea halijoto, tena kwa ukali. Tolueni ina kilopaskali 2.9 kwa nyuzi 20, 4.9 kwa nyuzi 30 na 7.9 kwa nyuzi 40. Namba ya shinikizo la mvuke isiyotaja halijoto haina kazi, na hilo ndilo jambo la kwanza ninalolitafuta ninapopokea karatasi ya mtu.

Kuchemka nako ni sehemu ya habari hiyohiyo: kimiminika huchemka pale shinikizo la mvuke wake linapolingana na la hewa iliyo juu yake. Kwa hiyo "inachemka kwenye nyuzi 285" haina maana kwamba chini ya hapo haitoi mvuke. Inatoa muda wote, ila kwa nyuzi 25 inatoa kidogo sana. Swali linalobaki ni huo udogo ni wa kiasi gani, na mbele ya nani.

Sasa tuje kwenye chupa yako. Kabla ya kemia yoyote kuna geji. Asilimia 0.1 ya kilopaskali 100 ni paskali 100. Yaani kifaa chako, kikiwa kizima na kimesanifiwa vizuri, kinaweza kukosea paskali 100 juu au chini bila kuvunja ahadi ya mtengenezaji wake. Usomaji wa 35 uko ndani ya kosa hilo. Ungeweza kuwa sifuri. Ningekuwa jirani ningekuomba urudie zoezi lote na chupa tupu, kavu, na uone geji inasema nini. Watu wengi huruka hatua hiyo kwa sababu inaonekana ya kitoto, nayo ndiyo inayookoa wiki nzima ya mabishano.

Tuseme lakini geji ilikuwa sahihi na zile paskali 35 zilikuwepo kweli. Geji ni kama bawabu anayehesabu mabisho mlangoni bila kuuliza anayebisha ni nani. Hewa inayopenya kwenye muungano wa vali inabisha. Hewa iliyoyeyuka ndani ya kimiminika inatoka taratibu, nayo inabisha. Maji yanabisha, tolueni inabisha. Kwa dutu inayotoa mvuke kwa wingi makelele hayo humezwa. Ukipima asetoni, ambayo ina kilopaskali 25 hivi kwa nyuzi 20, paskali 35 za wageni hutazigundua. Kwa dutu yenye paskali 0.4 wageni ndio umati wote.

Piga hesabu uone ni wageni wangapi wanaohitajika. Kwenye mchanganyiko, kila kiungo hutoa mvuke takriban kulingana na sehemu yake ya moli, yaani sehemu yake ya idadi ya molekuli zote. Hiyo ni kanuni ya Raoult, nayo inatosha kwa makadirio. Tolueni safi kwa nyuzi 25 ina paskali 3,800. Ili itoe 35 inahitaji sehemu ya moli 0.0092, na kwa kuwa molekuli yake ni nyepesi (92 dhidi ya 250 za esta), huo ni uzito wa asilimia 0.34 tu. Wewe una asilimia 0.8 ambayo si esta. Maji ni mabaya zaidi: yana paskali 3,170 kwa nyuzi 25 na molekuli yake ina uzito wa 18, hivyo asilimia 0.08 kwa uzito ingetosha. Kwa hali halisi hata chini ya hapo, maana maji hayapendi kukaa ndani ya esta na husukumwa nje kwa nguvu kuliko Raoult anavyosema. Esta iliyokaa wazi mezani siku yenye unyevu inaweza kunywa kiasi hicho bila mtu kujua.

Unaona basi kwamba usafi wa asilimia 99.2, ambao kwa kazi nyingi ni wa kujivunia, hapa hautoshi. Swali la kuuliza ni ile asilimia 0.8 ni nini. Ikiwa ni esta nzito zaidi, haikusumbui. Ikiwa nusu yake ni tolueni, ulipima tolueni.

Na hapa ndipo 35 inapoanza kuwa na maana. Tuchukulie ni tolueni kweli. Paskali 35 juu ya shinikizo la kawaida la hewa ni sehemu 345 kwa kila milioni, hewa ikishiba mvuke huo. Kikomo cha tolueni kazini kwa wastani wa saa 8 katika Umoja wa Ulaya ni sehemu 50. Pasha sasa hadi nyuzi 80: tolueni safi hapo ina kilopaskali 39 hivi, kwa hiyo kiasi hichohicho kidogo ndani ya esta yako kingetoa karibu paskali 360. Chini ya kifuniko cha beseni hiyo ni sehemu zaidi ya 3,500 kwa milioni, au asilimia 0.35 ya hewa. Tolueni huanza kuweza kulipuka hewani kwenye asilimia 1.1 hivi, kwa hiyo utakuwa umeshafika karibu theluthi moja ya njia. Haidumu, kwa sababu tolueni itatoka na kuisha, lakini hiyo ina maana kwamba saa za mwanzo baada ya kumimina pipa jipya ndizo mbaya kuliko zote, na ndizo ambazo mtu husimama pale akiinamia beseni kuangalia kama limejaa. Kwa usalama wa kazi, uchafu unaoonekana si kitu kwenye cheti cha usafi unaweza kuzidi dutu yenyewe.

Hizi ni hesabu za makadirio, zinachukulia hewa imeshiba na mchanganyiko una tabia njema. Chukua ukubwa wake tu, tarakimu zenyewe usizinukuu popote.

Turudi kwenye esta. Unataka namba yake ya kweli, utaipataje? Mwongozo namba 104 wa OECD, shirika la kimataifa la ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo, umekusanya njia zinazokubalika, kila moja na eneo lake. Njia uliyoitumia, ya kusoma shinikizo moja kwa moja kwenye chombo kilichofungwa, imeandikiwa kuanzia paskali 10 hadi 100,000. Njia ya kuchemsha chini ya shinikizo linalodhibitiwa huanzia 1,000. Zote mbili zinakuacha nje. Kwa 0.4 una njia mbili za busara.

Ya kwanza, na ndiyo ningeichagua, ni kushibisha gesi. Unapitisha naitrojeni kavu taratibu kwenye mrija uliojaa shanga za kioo zilizopakwa dutu, ndani ya beseni lenye joto lisiloyumba. Naitrojeni inatoka imeshiba mvuke, unaunasa kwenye kichujio kinachonyonya, unaukamua na kuupima kwa kromatografia. Ukijua gramu ngapi zilibebwa na lita ngapi za gesi, mlinganyo wa gesi unakupa shinikizo. Kwa 0.4 kila lita ya naitrojeni hubeba mikrogramu 40 hivi za esta yako. Mililita 50 kwa dakika kwa saa mbili ni lita 6, yaani mikrogramu 240, kiasi ambacho kromatografia ya kawaida inakiona bila taabu. Uzuri wake ni kwamba hapa yule bawabu sasa anauliza jina: kwenye mchoro wa kromatografia tolueni hutokea kwenye kilele chake, esta kwenye chake. Angalizo ni mwendo wa gesi. Ikikimbia haishibi, na namba itakuwa ndogo kuliko kweli. Rudia kwa nusu ya mwendo na kwa mwendo maradufu. Jibu likibaki palepale, gesi inashiba. Pia tupa sampuli za mwanzo, kwa sababu vitu vyepesi hutangulia kubebwa na muundo wa kilichobaki hubadilika.

Ya pili ni seli ya Knudsen: dutu inawekwa kwenye kikebe chenye tundu dogo lisilozidi milimita moja, ndani ya ombwe (mahali paliponyonywa hewa), na unapima uzito unaopotea kupitia tundu hilo kwa muda unaojulikana. Inafaa kuanzia paskali 1 kwenda chini kabisa. Ni nzuri kwa yabisi na dutu nzito, ila inapima uzito wote unaopotea, kwa hiyo tatizo lako la wageni linarudi. Kuna pia kifaa chenye kitufe cha chuma kinachozungushwa kikiwa kinaelea kwa sumaku, na gesi iliyopo hukipunguzia mwendo. Ni kizuri, lakini maabara zenye nacho si nyingi.

Vyovyote utakavyochagua, usipime kwenye halijoto moja. Mwongozo unataka angalau mbili, na tatu au zaidi ndiyo bora. Chora logarithimu ya shinikizo dhidi ya kinyume cha halijoto kwa Kelvini. Kwa masafa mafupi ya halijoto unapaswa kupata mstari ulionyooka, kama mlinganyo wa Clausius na Clapeyron unavyosema. Mstari ukijikunja au nukta moja ikikimbia, dutu inaoza, au haijashiba, au kuna mgeni. Dalili nyingine ya kuoza ni shinikizo linalopanda kwenye joto kisha linakataa kushuka ukipoza. Na kama dutu inaganda ndani ya masafa yako, usivushe mstari kupita kiwango cha kuyeyuka: yabisi na kimiminika vina miteremko tofauti.

Kama bado unataka kurudia kwa chupa yako, basi kausha, nyonya, gandisha kwa naitrojeni iliyopozwa hadi kuwa kimiminika, nyonya tena, funga, yeyusha, na urudie mpaka mapovu yaishe. Tumia chupa ya duara isiyo na mkwaruzo, kamwe si ya kitako bapa, na uweke ngao mbele yake. Kioo chenye ombwe kikipasuka hupasukia ndani kisha vipande vinaruka nje. Mtego uliopozwa kwa naitrojeni hiyo usiachwe ukivuta hewa ya chumba, kwani oksijeni hupoa humo na kuwa kimiminika, na oksijeni hiyo ikikutana na kiyeyushi ni mlipuko. Kusema kweli sioni faida. Utajisumbua sana kisha geji ileile ikushinde.

Sasa swali lako la pili, ambalo kwangu ndilo zito. Je, namba ndogo ni ruhusa ya kuandika "haihitaji tahadhari"? Tazama zebaki. Kwa nyuzi 20 shinikizo la mvuke wake ni paskali 0.16 tu, chini ya nusu ya esta yako, na inachemka kwenye nyuzi 357. Hewa iliyoshiba mvuke huo hubeba miligramu 13 hivi kwa mita ya ujazo, wakati kikomo cha kazini Ulaya ni 0.02. Mara zaidi ya 600. Shinikizo la mvuke linasema ni kiasi gani kinaweza kufika hewani; kama kiasi hicho ni kingi au kidogo, hilo linasemwa na sumu yake. Bila namba ya pili, ya kwanza haihukumu.

Kwa esta yako, paskali 0.4 kwa nyuzi 25 ni miligramu 40 kwa mita ya ujazo hewa ikishiba. Ikiwa ni dutu tulivu, pengine hakuna wa kupiga kelele. Ikiwa inaamsha mzio wa mapafu, 40 ni nyingi mno. Lakini hamtaitumia kwa nyuzi 25. Nikichukulia joto la kuigeuza mvuke ni kilojuli 75 kwa moli, ambalo ni la kawaida kwa kimiminika kinachochemka huko, kutoka nyuzi 25 hadi 80 shinikizo hupanda karibu mara 110. Sasa ni paskali 45 hivi, na hewa iliyoshiba ina gramu karibu 4 kwa mita ya ujazo. Mvuke huo ukitoka kwenye beseni na kukutana na hewa baridi ya chumba hugeuka matone laini, ukungu ambao mapafu huuvuta vilevile, na shinikizo la mvuke kwa joto la chumba halina tena la kusema. Mtu akipuliza bidhaa kwa bomba la hewa ni hivyohivyo.

Kwa hiyo kwenye karatasi ningeandika, kwa sehemu ya sifa za dutu: shinikizo la mvuke paskali 0.4 kwa nyuzi 25, makadirio kwa programu, na jina la programu. Ningeongeza mstari wa nyuzi 80, takriban paskali 45, makadirio. Kwa bidhaa yenyewe ningetaja tolueni iliyobaki mara kiasi chake kikijulikana, na kwenye sehemu ya tahadhari ningetaka kifuniko na feni ya kufyonza mvuke ukingoni mwa beseni. Kipimo kikija, badilisha namba na utaje njia.

Kuna mahali ambapo mimi wa kwenye maandishi sitoshi. Kama karatasi inaenda kwa mamlaka ya usajili wa kemikali, kipimo kifanywe na maabara inayofuata kanuni za utendaji bora wa maabara. Kipimo cha meza yako hakitapokelewa hata kikiwa sahihi. Kama esta inaweza kutengeneza peroksidi au ina kundi lolote linaloweza kulipuka, usiipashe kwenye chombo kilichofungwa kabla mtaalamu wa uthabiti wa joto hajaiangalia. Kabla beseni halijaanza kazi ya kila siku, mwite mpima hewa ya kazini aweke vinasa kwenye kola za wafanyakazi, hasa siku ya kumimina pipa jipya. Na kama tayari kuna mtu anayelalamika kichwa, kizunguzungu au kifua kubana, aondolewe pale na aonane na daktari leo, akiwa na karatasi hiyo mkononi hata kama haijakamilika.

Kazi ya kuanza nayo ni ndogo kuliko zote hizi. Chukua sampuli ya pipa, ipimwe tolueni kwa kromatografia ya hewa iliyo juu ya sampuli, na maji kwa njia ya Karl Fischer. Tolueni ikizidi sehemu moja kwa elfu, rudisheni esta kwenye pampu kwa joto na muda zaidi kabla ya kuwaza kipimo kingine chochote.